Jino Moja

Ndani ya difu ya nyuma ya Hilux ya zamani kuna gia mbili zinazong'atana. Kubwa inaitwa krauni, ndogo inaitwa pinioni. Kuna difu ambayo krauni yake ina meno 41 na pinioni ina 10. Kuna nyingine ambayo krauni ina meno 41 vilevile, ila pinioni ina 9. Ukigawanya, ya kwanza inakupa 4.10 na ya pili inakupa 4.56. Hiyo ina maana kwamba tairi likizunguka mara moja, propela inazunguka mara nne na kidogo, au mara nne na nusu. Tofauti ni jino moja. Jino hilo lilitubishanisha nyumbani kwa wiki tatu.

Hela zilikuwa za mama. Alizikusanya kwa miaka sita, kutoka kwenye ndizi, maziwa na hisa za VICOBA, ili aache kukodi gari kila Jumatano na Jumamosi, siku za gulio la Tengeru. Shamba letu liko Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Dereva angekuwa kaka yangu. Mimi nilisomea ufundi mitambo, kwa hiyo nilipewa kazi ya kueleza mambo.

Tulipata pikapu mbili, zote za mtumba, zote zina injini ya dizeli ya 3L, cc 2,779, isiyo na tabo. Bei zilikaribiana. Muuzaji alituambia ni gari lilelile, tuchague rangi tu. Tukaomba jeki. Tuliweka mawe kwenye matairi ya mbele, tukainua tairi moja la nyuma, tukaacha gia huru, tukachora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Tairi moja likiwa chini, hilo lililoinuliwa unalizungusha mara mbili kamili ndipo upate hesabu ya difu. Pikapu nyeupe: propela mizunguko minne na kidogo. Ya kijani, iliyopauka boneti: minne na nusu.

Kaka aliitaka nyeupe, na hoja zake hazikuwa za rangi. Tengeru ni siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tano gari likilala, alisema, litakula hela ya mama bila kuzaa. Yeye aliona mizigo ya Moshi, ya Namanga, hata ya Babati. Mafundi wa Unga Limited walimwambia 4.10 ni difu ya mbio na 4.56 ni difu ya nguvu, na barabara ya lami haihitaji nguvu, inahitaji kufika.

Nilipiga hesabu, nikaona ana haki. Tairi la ukubwa ule linasogea kama mita 2.4 kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gia ya nne, injini yenye 4.10 inazunguka takriban mara 2,280 kwa dakika. Yenye 4.56 inazunguka takriban 2,530. Mizunguko 250 zaidi, kila dakika, kutoka Arusha hadi Namanga na kurudi. Hiyo ni dizeli, ni kelele, na ni uchakavu.

Mimi nilikuwa upande wa kijani kwa sababu ya mlima. Kwa gia ileile, 4.56 inakupa nguvu ya kusukuma tairi iliyozidi kwa asilimia 11 hivi. Na huku kwetu asilimia 11 si anasa. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyohiyo iliyopo. Kwa hiyo mlima umeshachukua sehemu yake kabla hujapakia kitu, halafu ndipo upakie mabua ya ng'ombe kutoka tambarare, au saruji, na uanze kupanda kwenye tope la Aprili.

Kaka akajibu kwamba anayepanda na mzigo ashushe gia tu, ndiyo maana ziko tano. Hilo nalo ni kweli. Tulibishana hivyo jikoni jioni nyingi, mimi na daftari, yeye na simu, mama akimenya ndizi.

Jioni moja mama akasema, "Wanangu, kila siku mnabishana kuhusu kupanda. Mzigo wangu mimi unashuka."

Tukanyamaza. Wote wawili tulikumbuka lile gari la kukodi, miaka minne nyuma, lililoteremka na mikungu ya ndizi na akina mama watano juu yake. Breki zilianza kunuka kama mpira unaoungua, kisha pedali ikazama bila kushika, na dereva akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo ndipo likasimama. Hakufa mtu. Lakini tangu siku hiyo mama hupakia ndizi, halafu huteremka kwa miguu hadi Tengeru.

Nilirudi kwenye daftari nikalisoma upya. Difu ya nguvu haifanyi kazi wakati wa kupanda peke yake. Ukiteremka na mguu umeutoa kwenye mafuta, matairi ndiyo yanayoizungusha injini, na ukaidi wa injini unarudi kwenye matairi ukiwa umezidishwa na namba ileile. Gari likijishikilia lenyewe, breki zinabaki baridi hadi pale zinapohitajika kweli.

Kaka aliuliza swali moja la mwisho: kwa nini tusinunue nyeupe, tukabadilisha difu baadaye? Kwa sababu krauni na pinioni husuguliwa pamoja kiwandani na hununuliwa pamoja. Huwezi kununua jino moja. Na gari linalovuta kwa matairi manne, difu ya mbele lazima ilingane na ya nyuma, la sivyo ukiunganisha zote kwenye lami kavu zitashindana hadi kitu kikatike. Tungelipia kazi mara mbili.

Tulichukua ya kijani. Kaka alikuwa sahihi kuhusu lami, na analijua hilo kila anapokwenda Namanga na injini inalia. Barabara ya Moshi haimuumizi sana. Vibao vya 50 ni vingi na askari wa tochi hawakosekani, hapo hata difu ya mbio ingetambaa.

Mwisho wa mwezi hukaa na mama wakapiga hesabu ya dizeli. Ile inayozidi kwa ajili ya safari ndefu, mama huitoa kwenye hela ya ndizi bila kusubiri kuombwa. Kisha Jumamosi alfajiri anafunga kanga yake vizuri, anapanda mbele, na anateremka Tengeru akiwa amekaa.