Ng'ombe aliyezuiwa mlangoni

Kiswahili kina alama moja inayowakosesha usingizi waandishi wa programu: ritifaa. Ndiyo ile iliyo juu katika ng'ombe, ng'ambo na Murang'a. Kwenye karatasi haina shida. Kwenye anwani ya tovuti ni balaa.

Mwaka jana nilitengeneza tovuti ya bei za mifugo kwa kikundi kimoja cha wafugaji. Kila mnyama alikuwa na ukurasa wake: /bei/mbuzi, /bei/kondoo, /bei/ng'ombe. Kwenye kompyuta yangu mambo yalikuwa shwari. Tulipoipandisha kwenye seva ya kukodi, simu zikaanza kulia. Mbuzi anafunguka, kondoo anafunguka, ng'ombe hafunguki! Na hawa ni watu wanaotaka kujua bei kabla ya kulipia lori la kwenda sokoni. Usipoijua bei, dalali atakupangia.

Haya basi, kanuni ya kwanza: usiguse programu kabla hujasoma logi ya seva. Nilipoifungua nilikuta hivi:

GET /bei/ng%27ombe 403
GET /bei/ng%E2%80%99ombe 404

Ng'ombe mmoja, magonjwa mawili. Anwani husafiri kwa herufi chache za ASCII tu. Alama nyingine hugeuzwa kuwa baiti, na kila baiti huandikwa kwa % na tarakimu mbili. %27 ni ritifaa iliyonyooka ya kibodi. %E2%80%99 ni ile iliyopinda, ambayo Word na iPhone hukuwekea bila kukuuliza. Katika UTF-8 inachukua baiti tatu. Kwa macho yako zinakaribia kufanana. Kwa seva ni vitu viwili kabisa.

Ile 404 ilikuwa rahisi. Hifadhidata ilikuwa na ritifaa iliyonyooka, kwa hivyo iliyopinda haikupata mwenzake. Mstari mmoja wa kuigeuza kabla ya kutafuta, kwisha.

403 ndiyo iliyonichosha. Maana yake ni kwamba seva imekuelewa, lakini imekataa. Nilituma anwani ileile kwa curl: kwangu 200, kwa wenye seva 403. Programu ilikuwa haijafikiwa hata kidogo. Logi ya hitilafu ikamtaja mlinzi: ModSecurity, pamoja na nambari ya kanuni. Wenye seva walikuwa wameamua kuzuia kila anwani yenye ritifaa, wakiogopa wadukuzi wanaoitumia kukatiza amri ya SQL na kuchomeka yao.

Hofu hiyo ina msingi. Lakini RFC 3986 ya mwaka 2005, ambayo ndiyo kanuni ya anwani, inairuhusu ritifaa. Dawa ya ugonjwa huo iko ndani ya programu: tuma amri peke yake na neno la mtumiaji peke yake, visiunganishwe kamwe kuwa mstari mmoja.

Jibu la wenye seva? "Andikeni ngombe tu." Hapo nilikataa. Ngoa ni wivu. Ng'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Leo tukimkata ng'ombe ritifaa ili seva ifurahi, kesho mtu anayeitwa Ng'ang'a ataambiwa jina lake ni kosa.

Niliwatumia mistari ya logi na matokeo mawili ya curl, nikaomba kanuni hiyo moja iondolewe kwa kurasa za /bei/ pekee, ukuta uliobaki usiguswe. Siku ya tatu ng'ombe akafunguka.

Tangu hapo, kabla ya kukabidhi tovuti yoyote najaribu maneno haya kwenye anwani: ng'ombe kwa ritifaa zote mbili; Gĩkũyũ; chai & mandazi, kwa kuwa & hukata ombi vipande viwili; na 50%, kwa kuwa % ikiachwa peke yake Apache hurudisha 400. Jaribu na zako, kwenye seva yenyewe, si kwenye kompyuta yako tu. Yote yakipita, lala usingizi.