Akiba Inayooza

Wazee walisema kwamba akiba haiozi, na neno lao ni la kweli katika mambo ya fedha na nafaka. Lakini iko akiba moja isiyomfaa mwenyewe mpaka ioze kwanza, nayo ni makombo na maganda yatokayo jikoni. Nataka kuwaeleza wasomaji, hasa wakulima na makarani wenzangu, jinsi akiba hiyo inavyowekwa katika bustani ya jirani hapa Garissa, na jinsi ilivyokaribia kutugombanisha kabla ya kutufaa.

Mimi ni karani wa serikali. Nilizaliwa upande wa Mwingi, nikasomeshwa katika shule ya misheni, na kazi ikanivusha mto Tana hata nikafika huku. Asiyeijua Garissa na aelewe kwamba mvua yetu ya mwaka mzima ni kadiri ya milimita 300 tu, na jua ni kali. Kandokando ya mto wako wakulima wa ndizi, maembe, nyanya na matikiti. Lakini ukiuacha mto nyuma yako unakuta mchanga, na riziki ya watu ni mifugo.

Zamani mkulima wa kando ya mto aliingoja gharika imletee matope mapya. Lakini tangu bwawa la Masinga lilipomalizika mwaka 1981, sehemu kubwa ya matope yatokayo milimani hutuama humo. Tena gharika zenyewe hazina huruma: ile ya mwaka 2018, na zile za mwisho wa 2023 na za 2024, zilimeza mashamba pamoja na mazao yake. Mbolea ya dukani nayo ilipanda bei mwaka 2022 hata mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000. Serikali iliipunguza mpaka shilingi 3,500 mwezi wa Septemba mwaka huo, kisha 2,500 mwaka 2023, na wengi walishukuru. Hata hivyo mchanga usio na mboji haushiki maji, na mbolea ya dukani peke yake haiwezi kuuponya ugonjwa huo.

Kwa sababu hizi sisi majirani wa nyumba kumi na mbili tulikubaliana kulima pamoja kiwanja kilicho nyuma ya nyumba zetu, tupande sukuma wiki, mchicha, kunde na nyanya. Tukaagana kwamba kila nyumba italeta makombo yake jioni yatiwe katika shimo la mbolea. Hapo ndipo shauri lilipozuka.

Mzee mmoja wa Kisomali, mwenye mbuzi wanane, hakupendezwa. Alisema, "Bwana Karani, chakula ni neema ya Mungu. Kwetu kilichobaki hupewa mbuzi, na mbuzi hutupa maziwa. Ninyi mwataka kukizika kama mzoga?"

Maneno hayo yalikuwa na uzito, wala hapakuwa na mtu aliyecheka. Katika ukame ulioanza mwaka 2020 na kuendelea hata mapema 2023, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo wengi wakafa. Mtu aliyenusurika na mbuzi wanane anaijua thamani ya ganda la tikiti kuliko karani anayelipwa mwisho wa mwezi.

Lakini mama mmoja naye alikuwa na neno. Alisema kwamba mbuzi wake wawili walikufa wakiwa wamevimba, na walipopasuliwa, matumbo yao yalikutwa yamejaa mifuko ya plastiki. Mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki za namna nyingine bado zimetapakaa. Nyumba inapotupa makombo na plastiki katika lundo moja, mbuzi hula vyote viwili. Basi tukaona kwamba ugomvi wetu haukuwa baina ya mbuzi na shimo. Adui wa wote wawili ni lile lundo lisilochambuliwa.

Tulipatana hivi. Kila nyumba iwe na vyombo vitatu. Cha kwanza ni cha mbuzi: maganda ya ndizi na matikiti, mabua ya sukuma, na mabaki machache ya ugali. Cha pili ni cha shimo: maganda ya vitunguu, majani ya chai, maganda ya mayai, na nyanya zilizooza. Cha tatu ni cha plastiki, chupa na mikebe. Mzee naye atatoa kinyesi cha mbuzi wake kila juma, na nyumba yake ipate fungu la mboga sawa na wengine. Hivyo hata kile kilichopita tumboni mwa mbuzi hurudi bustanini, na neema haikutupwa.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe. Katika nchi kavu kama hii shimo ni bora kuliko lundo la juu, maana halikauki upesi. Letu lina upana wa futi nne kila upande na kina cha futi tatu, nalo liko chini ya kivuli cha mwarobaini. Chini tuliweka vijiti, kisha majani makavu kadiri ya shibiri moja, kisha makombo, kisha kinyesi cha mbuzi, halafu majivu kidogo sana na udongo. Kila tabaka hunyunyiziwa maji yaliyokwisha kuoshea mboga. Nyama, mifupa na mafuta havitiwi, kwani vitawaita nzi, mbwa na wale korongo wakubwa wa jalalani. Maganda ya mbegu za mathenge yasitiwe kabisa. Mbuzi huyala na kuzitoa mbegu zikiwa nzima, kwa hiyo mche wa mathenge ukionekana kitaluni na ung'olewe ungali mchanga.

Baada ya siku chache, chomeka fimbo katikati ya shimo, kisha uichomoe. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea vyema. Ikiwa kavu, ongeza maji. Ikinuka vibaya, ongeza majani makavu. Geuza kila majuma matatu. Shimo letu la kwanza lilikuwa tayari kwa miezi mitatu. Kitalu kilichopata mboji hiyo twakinywesha mara moja kwa siku, ilhali kisichopata chataka mara mbili. Kwa mtu achotaye maji kwa mtungi, tofauti hiyo si ndogo.

Mwenzangu mmoja wa ofisini aliniuliza kama misheni ilinifundisha kubeba ndoo za taka. Nilimjibu kwamba Albert Howard, Mwingereza mwenye elimu kubwa, alishinda miaka tangu 1924 hata 1931 huko Indore katika India akichunguza taka zinavyooza, tena hakuona haya kujifunza kwa wakulima wa huko. Katika miaka ya 1930 wenye mashamba ya kahawa hapa Kenya walianza kuifuata njia yake. Isitoshe, sheria ya taka ya mwaka 2022 imeagiza taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Karani anayeziandika sheria katika majalada, kisha akashindwa kuzitimiza jikoni mwake, atamwambia nini mwananchi?

Ndugu wasomaji, anayetaka kuanza na aanze na nyumba mbili au tatu, tena kabla ya kuchimba shimo akae na majirani, awaulize ni nani aliyekuwa akila makombo yale zamani. Akimkuta mwenye mbuzi, amweke katika shauri tangu siku ya kwanza. Jembe litafuata.