Mawaridi ya mama na fremu za duka

Wadau, wiki hii siandiki siasa. Nimekaa kwenye vikao mpaka kichwa kimechoka, acha niwape habari za maua.

Nyumbani kwetu Arusha kuna kibustani cha mbele, upana wake hauzidi hatua nane. Marehemu baba alipanda humo mawaridi saba. Kufika Julai mwaka huu yalikuwa yanatia huruma: majani yana madoa meusi, yanageuka manjano na kupukutika. Kaka yangu akasema tuyang'oe, tujenge fremu mbili za duka tupangishe. Hoja yake si ya kipuuzi, maana kodi ingenunua dawa za presha za mama. Mama hakubisha. Alinyamaza tu, na sisi wanawe tunakujua kunyamaza huko.

Nikaomba nipewe mpaka vuli. Nikamfuata mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua ya Usa River. Alilitazama jani moja tu akasema hiyo si kiu, ni ukungu. Ukungu wa madoa meusi hauingii kwenye jani kavu. Unataka jani likae na maji saa saba hivi. Kijana anayemsaidia mama alikuwa akimwagilia jioni kwa mpira, anaosha majani juu mpaka chini, na baridi ya Arusha mwezi wa saba mnaijua. Sasa maji ni yale yale, ila asubuhi, na shinani.

Kilichoniacha hoi ni hiki. Waridi moja lilikuwa na chipukizi refu, kijani kibichi, halina doa. Mama alikuwa akiwaonyesha wageni. Kumbe mengi ya mawaridi ya kitaluni yamebebeshwa: chini mzizi wa waridi jingine gumu, juu lile lenye ua unalolitaka. Chipukizi lile lilitoka chini ya kibebesho, linakula chakula cha mwenzake. Mzee alifukua udongo kwa vidole mpaka lilipoanzia, akaling'oa. Ukilikata juu juu, linarudi na nguvu zaidi. (Sisi waandishi tunawajua wa namna hiyo, lakini nimesema leo si siasa.)

Yaliyobaki ni kazi ya mkono: mkasi uliopanguswa kwa spiriti, kata mpaka ndani ya kijiti paonekane peupe, juu kidogo ya jicho linalotazama nje ili katikati papite hewa. Majani yaliyoanguka tuliyachoma, kwani ukungu hujificha humo. Samadi iwe imeoza vizuri. Tawi la mparachichi nalo likashuka, waridi linataka jua la saa sita hivi kwa siku.

Sasa ni mwezi wa kumi. Matano yamechipua, majani machanga mekundu mekundu. Mawili ya karibu na geti yamekauka, na mzee amekataza kupanda waridi jipya kwenye mashimo yale kabla hatujabadilisha udongo, litadumaa.

Jumapili kaka alikuja na futi kamba. Akapima pale getini, akasema basi fremu moja inatosha. Mama akamwambia ayaangalie tena yale mawili kwa makini, jana ameona kitu kinachungulia.