Tuta Lisiloonekana

Kati ya Kilosa na Mikumi kuna mahali ambapo mstari wa latitudo ya digrii 7 kusini hukata ule wa longitudo ya digrii 37 mashariki. Mpita njia haoni lolote la ajabu pale. Kwa mtu anayejenga mandhari ya nchi ndani ya kompyuta, hapo ndipo pembe za vigae vinne zinapogusana. Vipimo vya miinuko vilivyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kwa siku 11 za Februari 2000, hutolewa kwa vigae, kila kimoja digrii moja kila upande. Anayetaka Kilosa na Mikumi katika picha moja hana budi kuvishona vyote vinne.

Nilivishona. Kigae kimoja kina safu 3,601 za nukta, na baina ya nukta na nukta ni takriban mita 30. Ndani ya mita hizo hakuna habari yoyote, kwa hiyo niliziba pengo kwa hesabu ya fraktali: chukua nukta mbili, tafuta ya katikati, ipandishe au ishushe kwa bahati nasibu, kisha rudia kwa kiasi kidogo zaidi. Benoît Mandelbrot alitufundisha kwamba milima hufanana na vipande vyake, na kweli, vilima vya Rubeho vilitoka na makorongo ya kupendeza macho.

Jaribio la kwanza lilinifedhehesha. Kila kigae kilikuwa na nasibu yake, basi kwenye longitudo ya 37 ukasimama ukuta. Mstari huo unapita karibu sana na mji wa Kilosa, na nilipoachia maji, Mto Mkondoa ulijaa hapo kama bwawa. Nikabadili kanuni ili nasibu ikokotolewe kutokana na mahali penyewe, vigae jirani vikakubaliana mpakani, na mto ukateremka vizuri kuelekea uwanda wa Mkata.

Nilikwenda kuionyesha Kilosa, nami nikijiona fundi. Vijana walishangilia. Mzee mmoja aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Daktari, tuta liko wapi?"

Halikuwapo. Tuta la kuzuia mto ni jembamba kuliko mita 30. Nukta zangu zililiruka, na fraktali ikaweka mahali pake vijinuko vya kubuni. Mzee huyo aliishi Kilosa mwishoni mwa Desemba 2009, Mkondoa ulipofurika, maelfu ya watu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Mimi nilikuwa nimemchorea mto usio na kingo, tena kwa umaridadi uliomfanya kila mtu chumbani aniamini.

Nimeona picha za namna hiyo zikitandazwa mbele ya wakubwa wanaoamua wapi pajengwe na nani ahamishwe. Sijawahi kusikia mkubwa akiuliza swali la yule mzee. (Sisi wasomi nasi hatuwachochei waulize.)

Tulirudi na wanafunzi tukapima tuta kwa miguu. Katika mandhari yangu ya sasa, fraktali imebaki kwenye misitu ya mbali tu. Kandokando ya Mkondoa, pale tusipopima, nimeacha rangi ya kijivu. Mwenzangu mmoja idarani anasema imeharibu picha.