Motokaa Iliyosema kwa Sauti ya Mzee

Motokaa nyingi zinazopita katika barabara za Lubumbashi zilianza kazi yao Japani. Usukani uko upande wa kuume, na radio yake haipati vituo vyetu vingi. Si ubovu. Kwa desturi ya zamani ya Japani mawimbi ya FM yalipangwa toka megahezi 76 hadi 90. Kwetu yanaanza 87.5 na kufika 108. Basi radio hiyo ni kama mgeni asiyejua lugha: anashika maneno mawili matatu, mengine yanampita.

Motokaa yangu ni ya jamaa hiyo, nami nilikuwa na sababu ya kutaka iseme. Baba mkwe wangu, kabla ya kufariki, alisimulia ukoo wake katika kaseti: nani alimzaa nani, nani alihama kijiji gani, na mahari gani haijaisha kulipwa. Kijana wangu aliihamisha sauti ile katika kichombo cha mfukoni, kile cha kuchezea nyimbo. Tukawa na safari ya Likasi, kilometa kama 120, kwa shauri la mahari hiyo hiyo. Kaka yake marehemu alikuwa pamoja nasi, na masikio yake yamekuwa mazito. Vile vidude vya kutia masikioni alivikataa kabisa; alisema ni vya watoto.

Sokoni wanauza kirusha-sauti kidogo kinachochomekwa katika tundu la kuwashia sigara. Kinapokea sauti ya kichombo na kuirusha hewani, radio ya motokaa iidake. Kwa motokaa ya zamani ya Japani sharti uchague namba kati ya 87.5 na 90, ambapo desturi zote mbili zinakutana, tena pasiwe na kituo kinachosema hapo. Nilikijaribu. Kila tulipokaribia mnara wa radio fulani, mhubiri wa matangazo ya sabuni alimfunika mzee wetu. Sikukipenda.

Waya ni bora. Motokaa za baadaye zina tundu la milimita 3.5, unachomeka upande huu na upande huu, yamekwisha. Yangu haina, ila ina kinywa cha kaseti, na kwa hiyo kuna kaseti ya ajabu isiyo na utepe. Ndani yake mna kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha mashine. Waya wake unatoka nje hadi kwenye kichombo. Mashine inadhani inasoma utepe, kumbe inadanganywa kwa upole.

Tatizo likabaki moja: mlio mwembamba, uliopanda kila nilipokanyaga mafuta. Fundi mmoja alitaka kuuza radio mpya. Lakini mlio ule hutoka katika dinamo ya motokaa, na hupata njia pale kichombo kinapochajiwa katika motokaa hiyo hiyo huku kikiunganishwa na radio. Nilichomoa waya wa kuchaji, pakawa kimya. Anayetaka kuchaji njiani anaweza kununua kichujio kidogo cha kuwekwa katikati ya waya wa sauti. Tena, pandisha sauti ya kichombo hadi karibu robo tatu, kisha utumie kifungo cha radio. Kichombo kikiwa chini mno, utasikia mvumo tu.

Yote haya yafanywe motokaa ikiwa imesimama. Dereva mwenye macho kwenye vifungo ni hatari kuliko barabara yenyewe.

Mzee alisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Sauti ya mdogo wake ilipotaja mbuzi wawili waliosalia, alinigusa bega.

– Mkwe, rudisha hapo.

– Ndiyo, baba.

Kijana aliyeketi pembeni alirudisha mara tatu. Mzee alikuwa amekuja tayari kudai mbuzi watano. Tulipofika Likasi alikataa kushuka kwanza. Aliomba asikie tena mahali mdogo wake alipolitaja jina la mama yao.