Kabla Hujatia Sahihi Mkataba wa Gari

Morogoro

Mwanangu mpenzi,

Bibi yako anaendelea vizuri na mguu wake, na kila jioni anauliza kama umekula. Ujumbe wako nimeupata. Picha za mkataba nimezikuza kwenye simu nikazisoma mpaka chini kwenye nafasi ya sahihi. Ulitaka nikujibu kwa neno moja, uchukue au uache. Neno moja lingekuwa dhuluma kwako, kwa hiyo nimekaa kitako nikuandikie.

Kwanza tuziweke pamoja hesabu zako za gari la kubeba abiria. Tajiri wa kwanza anakupa Toyota IST ya hesabu: unampelekea 150,000 kila wiki, bima na matengenezo makubwa ni juu yake. Tajiri wa pili anakupa IST ya mkataba: 200,000 kwa wiki kwa miaka miwili, kisha gari ni lako. Njia ya tatu ni kununua. Gari la namna hiyo umelikuta yadi kwa milioni 13, wewe una akiba ya milioni 5, na milioni 8 zilizobaki utakopa.

Kwa wiki 104, mkataba utakula 20,800,000. Umelipa 7,800,000 zaidi ya bei ya gari. Wenzako kijiweni wakipiga hesabu hiyo husema mkataba ni wizi. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu ungeendesha gari la hesabu miaka hiyo hiyo miwili ungetoa 15,600,000 na mwisho ungerudisha ufunguo. Mtu wa mkataba anaongeza 50,000 kila wiki, jumla 5,200,000, ili abaki na gari. IST iliyotunzwa, hata ikiwa imebeba abiria miaka miwili, haikosi mnunuzi kwa bei inayozidi hiyo. Wako vijana wengi waliopata gari lao la kwanza kwa njia hii, na nawaheshimu.

Lakini soma kifungu cha nne cha karatasi yako. Tairi, sevisi, bima, injini, gia boksi, vyote ni juu yako. Ukitembea kilomita 150 kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka miwili ni zaidi ya kilomita 90,000. Oili ya kila kilomita 5,000 utaimwaga mara 18 au zaidi. Ongeza tairi, breki, shokapu, bushi. Bei za Kariakoo unazijua kuliko mimi. Ziandike zote, uzigawe kwa wiki, uone ile tofauti ya 50,000 imefika wapi.

Kisha soma kifungu cha saba, maana hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Kinasema ukichelewesha malipo siku saba, mwenye gari atalichukua na fedha zilizokwisha kulipwa hazirudi. Fikiria wiki ya 80. Utakuwa umelipa milioni 16, tatu zaidi ya bei ya gari lenyewe, na kwa karatasi ile hutakuwa na haki hata ya tairi la akiba. Ugonjwa wa siku kumi, ajali isiyo kosa lako, injini kufa wakati huna kitu mkononi, lolote kati ya hayo linatosha kukurudisha kwenye sifuri. Nilipokuwa afisa mikopo kwenye chama cha akiba nimekaa mbele ya vijana waliokuja kuomba mkopo wa kuokoa gari katika miezi ya mwisho ya mkataba. Wengi hatukuweza kuwasaidia. Hawakuwa na dhamana, kwa sababu kila walichopata miaka miwili kilikuwa kimeingia kwenye gari la mtu mwingine.

Nawe unategemea programu za simu kupata abiria, na zenyewe hazina ahadi. Machi 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha kamisheni ambayo programu hizo hukata kwa dereva kuwa 15%. Aprili Uber ikasitisha huduma nchini, ikarudi mwanzoni mwa 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi 25%. Sitaki kujadili nani alikuwa na haki. Ninachotaka uone ni kwamba kazi inaweza kupungua kwa jambo lililoamuliwa ofisini mbali na wewe, na siku ya kupeleka fedha ikabaki ileile. Aliyekuwa na gari la hesabu aliweza kurudisha ufunguo. Aliyekuwa na kadi ya gari kwa jina lake aliweza kuuza, akalipa deni, akabaki na chochote. Mtu wa mkataba hakuwa na mlango wowote kati ya hiyo miwili.

Jambo la kadi nalo hukuligusa kabisa kwenye ujumbe wako. Kadi iko kwa jina la tajiri wa pili na itabaki hivyo mpaka shilingi ya mwisho. Yeye ni mtu mzima na unasema ni muungwana, nami sina sababu ya kumtilia shaka. Lakini akifariki katikati, Mungu amwepushe, gari litahesabiwa kwenye mirathi yake. Utakuwa unazungumza na watoto na wajane ambao hawajawahi kukuona, mkononi una karatasi isiyo na shahidi, na malipo uliyompa taslimu bila risiti. Tumeyaona hayo katika ukoo wetu kwa kiwanja, wala gari halina tofauti.

Sasa nije kwenye akiba yako, maana hapo ndipo ninapotofautiana nawe kabisa. Mkataba wa namna hii ulitengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na kianzio wala dhamana. Zile 7,800,000 za ziada ndizo bei ya kuaminiwa bila kitu. Wewe una milioni 5 ulizozikusanya kwa jasho lako. Kwa nini ulipe bei ya mtu asiye na kitu?

Najua jibu, mama yako ameniambia. Unataka fedha hizo ziende kwenye mahari na sherehe, na gari lije lenyewe kwa mkataba. Mwanangu, mahari toa, ni haki ya binti wa watu. Ila ukumbi, mapambo, kamati na sare za shangazi zako (mimi mwenyewe nikiwemo) havina haja ya kula mtaji wako. Nitasimama mbele ya baba zako wadogo na kusema hivyo, wewe usibebe lawama. Harusi ya nyumbani, pilau la sufuria mbili na watu wa karibu, inatosha kabisa kumheshimu mkeo.

Tupige hesabu ya kununua. Mkopo wa milioni 8 kwa miezi 24, tuchukue kwa mfano riba ya 2% kwa mwezi. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, utalipa riba ya 3,840,000. Ikipigwa juu ya salio linalopungua kila unaporejesha, riba ni karibu 2,150,000. Asilimia ni ileile, na tofauti inakaribia 1,700,000. Ndiyo sababu ukikaa mbele ya afisa mikopo usiulize asilimia peke yake. Uliza inapigwa juu ya nini, kisha omba jedwali la marejesho lenye kila mwezi na kila shilingi, pamoja na ada ya mkopo na bima ya mkopo. Kwa hesabu mbaya kati ya hizo mbili, rejesho lako ni kama 493,000 kwa mwezi, yaani chini ya 115,000 kwa wiki. Ni pungufu ya hesabu ya tajiri wa kwanza, na kadi imeandikwa jina lako, hata kama benki itaishikilia hadi deni liishe.

Dhamana iwe gari lenyewe. Shamba la Kilosa aliloacha marehemu baba yako lisitajwe benki. Hilo ni la wadogo zako pia.

Umeniuliza kama kuagiza mwenyewe kutoka Japani kungekuwa nafuu kuliko yadi. Fanya mahesabu kabla hujatuma fedha. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo zinaangukia kwenye uchakavu: gari lililozidi miaka kumi huongezewa ushuru wa bidhaa wa 30%, juu ya ushuru wa forodha wa 25%, ushuru wa 5% kwa injini ya zaidi ya cc 1,000, na VAT ya 18% inayopigwa juu ya jumla ya hayo yote. Ukizipandisha moja juu ya nyingine, kodi inalingana na thamani ya gari lilipofika bandarini. Na thamani hiyo TRA, mamlaka ya mapato, hutumia ya kwao, si lazima iwe ile uliyolipa. Ndiyo maana magari yaliyokwisha kulipiwa hapa hayashuki bei haraka.

Zile video za Marekani unazotazama usiku, zinazosema kukodi gari ni ujanja, ziache. Kule mtu hukodi gari jipya kwa miaka mitatu, analipa ule mshuko wa bei wa miaka ya mwanzo pamoja na riba, anawekewa kikomo cha maili kwa mwaka, kisha analirudisha. Anaendea kazini na kurudi. Wewe unatafuta gari la kazi, lililokwisha kushuka bei kabla halijapanda meli.

Basi ushauri wangu ni huu. Chukua la hesabu kwa miezi sita, kwa tajiri wa kwanza, na muulize mapema kama hesabu inasimama gari likiwa gereji. Nunua daftari. Kila usiku andika ulichoingiza, mafuta, kamisheni, chakula, faini ya trafiki ukikamatwa, na kilichobaki. Sasa hivi unakisia kwamba utabaki na 40,000 kwa siku, na makisio hayo umeyapata kwa watu wanaohesabu siku nzuri tu. Baada ya miezi sita utakuwa na ukweli wako, na afisa mikopo ataupenda kuliko maneno. Mbali na mahari, milioni 5 zisiguswe. Lengo ni ziwe milioni 6 na nusu, ili ukishaweka tano kwenye gari ubaki na fedha ya kulala gereji wiki mbili bila kukosa rejesho. Ukinunua leo kwa milioni 5 zote utakuwa na gari na mfuko mtupu, na gari la mtumba huijua njia ya gereji mwezi wa kwanza.

Ukifika kununua, nenda na fundi wako, asiwe wa muuzaji. Angalia kwenye mtandao wa polisi kama namba ile ina faini zisizolipwa. Hakikisha jina lililo kwenye kadi ndilo la anayekuuzia. Kata bima kubwa, na sema wazi unabeba abiria kwa malipo, maana bima ya gari binafsi inaweza kukataa kukulipa siku ya ajali ikigundua ulikuwa kazini.

Na ikiwa baada ya yote haya bado moyo wako uko kwenye mkataba, wewe ni mtu mzima, sitakununia. Ila kifungu cha saba kibadilishwe: ukishalipa nusu, gari likichukuliwa liuzwe, tajiri akate anachodai, kinachozidi kirudi kwako. Kiandikwe kwamba warithi wake wanafungwa na mkataba huo. Malipo yapite benki au kwenye simu, siyo mkononi. Mtie sahihi mbele ya wakili, mkewe akiwa shahidi. Akikataa yote hayo, utakuwa umemjua mapema.

Nipigie Jumamosi jioni nikitoka kwenye kikoba. Uwe na daftari karibu, tuanze na bei ya mafuta ya wiki hii, na uniambie tajiri wa kwanza amejibu nini kuhusu siku za gereji.

Akupendaye,
Shangazi yako