Nilifunga Mlango, Nikaugua

Mimi ni mkazi wa Wambaa, Wilaya ya Mkoani, Pemba. Nataka kuwaeleza yaliyonipata, ili mwenzangu asirudie kosa langu.

Mume wangu alifariki mwaka 2022. Siku za msiba nyumba ilijaa watu. Hata nilipokuwa eda, majirani walikuja kila siku. Walinitekea maji, walinipikia, walizungumza nami. Eda ilikwisha baada ya miezi 4 na siku 10. Kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Watoto wangu wako Unguja. Nikabaki peke yangu.

Hapo ndipo nilipofunga mlango. Shoga yangu alikuja kunita twende tukasuke ukili, kama zamani. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Kesho yake nilimwambia nina usingizi. Mara ya tatu sikuitika kabisa. Kusema kweli, sikutaka kuonewa huruma.

Mtu anayekaa peke yake hujisahau. Sikuona sababu ya kupika kwa ajili ya tumbo moja. Nilichemsha muhogo, nikala kwa papa mkavu wa chumvi, mchana na usiku. Nami nina ugonjwa wa presha. Zamani mume wangu aliniuliza kila usiku, "Umemeza dawa?" Sasa hakuna aliyeuliza. Dawa zilipokwisha, sikwenda kuchukua nyingine. Presha mara nyingi haina maumivu, basi nilidhani nimepona.

Asubuhi moja nilishindwa kushika kikombe. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, na mdomo umekwenda upande. Nilijaribu kuita, sauti haikutoka vizuri. Aliyenikuta ni yule yule shoga yangu. Kumbe hakuacha kupita kwangu. Alisukuma mlango, akaita vijana, nikapelekwa hospitali. Daktari alisema ni kiharusi.

Niliporudi nyumbani, wenzangu wa ukili hawakuniuliza kama nataka kuja. Walihamishia kikao chao barazani kwangu. Mkono wangu hauwezi tena kusuka, basi kazi yangu ni kutia rangi miyaa. Kila alasiri mmoja wetu huuliza, "Nani hajameza dawa leo?" Tumegundua kuwa tuko watatu wenye presha, na kila mmoja alikuwa akificha. Siku ya kwenda kituo cha afya tunafuatana kwa miguu.

Chumvi nayo tumepunguza sote. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki. Papa mkavu tunamroweka, tunamwaga yale maji, ndipo tunampika. Peke yangu nisingeweza. Lakini wote mkila chakula cha chumvi kidogo, ulimi huzoea.

Jambo hili si geni. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya huko Tanzania Bara. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakafanya kazi. Aliyeona uvivu kuchimba choo peke yake, alichimba alipoona wenzake wanachimba.

Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya upweke. Lilisema kuwa mtu 1 kati ya kila watu 6 duniani ana upweke. Lilisema pia kuwa upweke unahusiana na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Basi upweke si jambo la kuonea haya. Ni hatari kwa afya, kama maji machafu.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu msomaji, ikiwa jirani yako amefunga mlango, usichoke kubisha. Na wewe uliye ndani, fungua. Mimi nilichelewa kufungua, na mkono wangu wa kushoto hunikumbusha kila siku.